Bunduki Hii ni ya Nani? Njia Tisa za Kuifuatilia, Kutoka ya Ovyo Hadi ya Maana

Kila baada ya shambulio kule mpakani, upande wa Ukasi au Tseikuru, baraza huitwa. Wakubwa wa usalama huja na msafara wao, wazee huketi mbele, na kabla soda hazijaisha lazima kijana mmoja mwenye simu nzuri asimame: "Serikali iweke chipu kwenye kila bunduki, tujue iko wapi!" Makofi. Afisa anaandika. Baraza linafungwa kwa maombi, na bunduki inabaki ilipokuwa.

Swali la kijana si la kipuuzi. Mwingi kwetu iko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, na upande wa mashariki tunapakana na nyika ambazo bunduki imetembea kwa uhuru kuliko mwenye kitambulisho. Mbuga ya Kora, ambako majambazi walimuua George Adamson, mzee wa simba, tarehe 20 Agosti 1989, ni jirani yetu wa karibu. Malisho na maji yakipungua, milio husikika. Kwa hiyo nimeyachukua mapendekezo yote ya kufuatilia silaha kwa vyombo vya kisasa, yale ya barazani na yale ya ng'ambo, nikayapanga kwa daraja kuanzia la mwisho. Jirani yangu, sajini mstaafu wa polisi aliyebeba bunduki ya G3 kwenye barabara hiyo hiyo, amekubali kuchomekea maneno kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na chai iwe juu yangu.

9. GPS ndani ya bunduki

Hili ndilo la makofi mengi na la maana kidogo. GPS humwambia mwenye kifaa yuko wapi, basi. Ili habari hiyo imfikie afisa kituoni Mwingi, kifaa lazima kiwe na betri, laini ya simu na mtandao. AK inaweza kuzikwa mchangani mwaka mzima ndani ya gunia lililopakwa mafuta, ikafukuliwa, ikapanguswa, ikalia. Betri haiwezi. Mtandao nao, ukishapita Tseikuru kuelekea Mto Tana, unakuja na kwenda kama MCA baada ya kuchaguliwa. Na chuma cha bunduki chenyewe huzuia mawimbi.

Tembo wa Tsavo huvalishwa kola za setilaiti na zinafanya kazi vizuri. Lakini tembo ana shingo nene ya kubeba betri kubwa, hawezi kuifungua kola kwa bisibisi, na betri ikiisha kuna daktari wa wanyama wa shirika la wanyamapori, KWS, anayekuja kwa helikopta kumlaza usingizi na kubadilisha. Mamlaka ya mapato nayo, tangu 2017, inafuatilia makontena ya mizigo inayopita kutoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali kwa kufuli za kielektroniki. Kontena nalo ni kubwa, lina barabara moja, na dereva wake anataka kufika.

Huko California kampuni moja, Yardarm, ilijaribu mwaka 2014 kuweka kihisi kidogo ndani ya mpini wa bastola za polisi: kilitambua bastola imechomolewa, imefyatuliwa, imeelekezwa wapi. Wazo zuri, na maafisa wa Santa Cruz walilijaribu. Ila kihisi kilipeleka habari zake kupitia simu ya afisa iliyokuwa mfukoni. Kwa maneno mengine, ukitenganisha bastola na simu, umebaki na bastola.

Sajini: "Na jambazi atakuwa anaichaji usiku, ama mchana kwa sola?"

8. Bunduki inayomjua mwenyewe

Kijerumani hiki. Kampuni ya Armatix ilitengeneza bastola ya iP1 ambayo haikubali kulia mpaka iwe karibu na saa maalumu ya mkononi mwa mwenyewe. Bei yake ilikuwa kama dola 1,800. Jimbo la New Jersey lilikuwa limepitisha sheria tangu 2002 kwamba bastola za namna hiyo zikianza tu kuuzwa, baada ya muda zingekuwa za lazima, na wapenda bunduki wa Marekani wakawasumbua wauza duka waliojaribu kuiweka rafuni hadi wakaiondoa.

Kisha mwaka 2017 mtundu mmoja wa kompyuta akaonyesha kwamba unaweza kuishinda kwa sumaku za dola 15 zilizobandikwa ubavuni. Fundi wa jua kali wa Mwingi angeuliza tu kama sumaku ya spika ya matatu inatosha.

Na hata ingefaulu, haihusiki na uchunguzi. Inazuia asiye mwenyewe. Kesi nyingi zinazotusumbua ni za mwenyewe.

7. Kibandiko cha redio

Hapa tunaanza kuzungumza. RFID ni kile kichipu kisicho na betri ambacho huamka tu kinapopigwa na mawimbi ya kisomeo kilicho karibu, kikataja namba yake na kulala tena. Maktaba hukitumia kwenye vitabu, maduka makubwa kwenye nguo. Ukikiweka ndani ya kitako cha bunduki, unaweza kuhesabu silaha zote ghalani kwa kupita na kisomeo mkononi, bila kuzishusha moja moja.

Jeshi la Marekani limewahi kukitumia kwenye baadhi ya maghala yake. Lilikuwa na sababu: uchunguzi wa shirika la habari la Associated Press uliotoka mwaka 2021 ulipata silaha zisizopungua 1,900 za jeshi hilo zilizopotea au kuibwa katika muongo wa 2010, na baadhi zikatokea kwenye uhalifu wa mitaani. Jeshi lenye setilaiti! Lakini makao makuu ya ulinzi yakasema wazi kwamba kutia vibandiko hivyo ndani ya silaha zinazokwenda vitani ni hatari, maana adui naye anaweza kuvisoma. Kikosi cha Marine kikakataa kabisa.

Chukua hoja hiyo uilete Ukasi. Askari sita wamelala kichakani wakisubiri majangili. Kila bunduki yao ina kichipu. Mtu mwenye kisomeo chenye nguvu na antena nzuri hahitaji kuwaona.

Kwa hiyo RFID inafaa pale ambapo bunduki haitembei: mlangoni mwa ghala, asubuhi inapotolewa, jioni inaporudishwa. Si kitu kidogo, na ndiyo maana sikuitupa namba tisa. Baadhi ya bunduki za kituoni hazihitaji vita ili kupotea. Hutoka mlangoni jioni, zikarudi alfajiri, na hakuna aliyeandika. Si siri kwamba kesi za askari kukodisha silaha kwa wahalifu zimefika mahakamani nchini humu.

Sajini: "Kitu kimoja tu kituoni hakijawahi kuibwa: kalamu ya daftari la matukio, OB. Imefungwa kwa uzi."

Nikamwambia afande, huo nao ni ufuatiliaji. Akaongeza sukari.

6. Risasi itie sahihi yake yenyewe

California tena, sheria ya 2007: pini ya kufyatulia ichongwe herufi ndogo sana, ili kila ganda linalotupwa libaki na namba ya bastola. Kwa karatasi ni tamu. Miaka mingi ikapita bila kiwanda kuleta bastola mpya inayotimiza sharti hilo. Na pini ni kipande kinachobadilishwa, au kusuguliwa kwa tupa ya fundi wa majembe.

Songa mbele.

5. Maktaba ya maganda

Jimbo la Maryland ndilo limetupa kichekesho kikubwa kuliko vyote kwenye orodha hii, na nawashukuru. Mwaka 2000 walipitisha sheria: kila bastola mpya itakayouzwa ipigwe risasi moja kwanza, na ganda lake lipelekwe polisi lihifadhiwe. Siku ganda likiokotwa kwenye tukio, kompyuta italinganisha, na jina la mnunuzi litatokea. Walifanya hivyo kwa miaka 15. Walikusanya maganda zaidi ya 300,000. Walitumia kama dola milioni 5. Mwaka 2015 wakafunga duka, na kesi zilizotatuliwa kwa maktaba hiyo zilikuwa sifuri.

Sifuri! Hata mganga wa Kyuso hubahatisha moja.

Kwa nini? Ganda moja lililopigwa na bastola mpya dukani halifanani sana na lile litakalopigwa na bastola ile ile baada ya miaka kumi ya vumbi, kutu na jasho. Picha zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mtambo kuzitofautisha. Na kubwa zaidi, walikusanya maganda ya wanunuzi waaminifu, wakati muuaji mara nyingi hununua mahali ambapo hapatolewi risiti. Funzo hili lina bei ya dola milioni 5 na sisi tunalipata bure, kwa hiyo tusilisahau tutakapofika namba mbili.

4. Maganda ya eneo la tukio

Geuza wazo la Maryland na linaanza kufanya kazi. Badala ya kukusanya maganda ya kila bunduki iliyouzwa, kusanya yale yaliyookotwa penye damu, na ya bunduki zilizokamatwa. Mitambo ya kupiga picha za maganda na risasi na kuzilinganisha ilianza kuenea tangu miaka ya 1990, na Interpol ilianzisha mtandao wake wa kubadilishana picha hizo mwaka 2009. Kompyuta haitoi hukumu. Inasema: haya matano yanafanana, hebu mtaalamu aangalie. Mtaalamu anainama kwenye hadubini pacha na kuangalia michirizi iliyoachwa na mtutu, alama ya pini, mkwaruzo wa kipande kinachotupa ganda nje.

Kenya ina watu hao. Maabara ya Kitaifa ya Uchunguzi ya DCI, kando ya Barabara ya Kiambu, ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Juni 2022, na kabla ya jengo hilo wataalamu wa silaha walikuwa wakitoa ushahidi mahakamani kwa miaka mingi. Kumbuka Machi 30, 2020. Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, polisi wakitekeleza kafyu. Risasi ililinganishwa na bunduki, bunduki ikalinganishwa na afisa aliyekabidhiwa, na afisa akafikishwa mahakamani. Hakukuwa na chipu wala setilaiti. Kulikuwa na kipande cha chuma, hadubini, na orodha ya nani alibeba nini usiku ule. Ondoa mojawapo ya hivyo vitatu na hakuna kesi.

Sasa tuje nyumbani. Risasi zimelia Nguni saa nane usiku. Hadi polisi wafike, wanakijiji wameshapita, mbuzi wamepita, na watoto wameokota maganda ya kuchezea. Ganda linalobaki linachukuliwa kwa mkono mtupu na kutiwa mfukoni pamoja na funguo. Kisha lisafiri zaidi ya kilomita 170 hadi Nairobi, pamoja na fomu, mhuri, na jina la kila aliyelishika njiani, maana wakili wa Mwingi akiona pengo moja kwenye mlolongo huo, mteja wake anakula chakula cha mchana nyumbani.

Sajini: "Kijana, maganda tuliyafunga kwa karatasi ya sigara. Na gari la kuyapeleka lilikuwa linasubiri mafuta."

Hilo linarekebishika kwa bahasha, kalamu na nusu siku ya mafunzo kwa machifu na manaibu wao. Ni rahisi kuliko kununua mtambo, na labda ndiyo sababu hakuna anayelipigia debe.

3. Kusoma kitako cha ganda

Ukilipindua ganda la risasi, chini kuna maandishi madogo: alama ya kiwanda, mara nyingi na mwaka. Kenya hutengeneza risasi zake yenyewe huko Eldoret, kwenye shirika la Kenya Ordnance Factories, tangu miaka ya 1990. Sasa sikiliza mtu mwenye macho mawili na daftari anavyoweza kuishinda kompyuta.

Mwaka 2008 mtafiti James Bevan, akiandikia taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva, alichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Alikuwa ameangalia risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wenye silaha, akazilinganisha na za vyombo vya usalama. Hitimisho lake: karibu nusu ya risasi zilizozunguka kiholela huko zilitoka kwa polisi wa Kenya, waliowapa wafugaji ili wajilinde dhidi ya majirani wa kuvuka mpaka. Haikuwa lazima pawe na mwizi. Ilikuwa sera, iliyofanywa kimyakimya, na maandishi chini ya ganda yakaisema hadharani.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Tunazungumza kana kwamba ufuatiliaji umeshindikana kwa sababu teknolojia haijafika Turkana wala Mwingi. Bevan alifuatilia. Jibu likapatikana. Kilichokuwa kigumu ni jibu lenyewe, kwa sababu halikuelekeza kidole Somalia wala Sudan. Lilielekeza ghalani.

Risasi hazina namba ya kila moja, hilo ni kweli. Lakini zikipigwa alama za kundi, kwamba shehena hii ni ya kituo fulani au kambi fulani, uchunguzi ungeruka hatua kumi. Kiwanda ni chetu. Patasi ni yetu. Hatumwombi mtu ruhusa.

Sajini alinyamaza hapa. Kisha: "Andika tu kwamba nilinyamaza."

2. Kadi ya mwenye bunduki

Desemba 2018 waziri wa usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye leseni za bunduki wapigwe msasa upya. Karatasi zilizokunjwa kwenye pochi zikaanza kupisha kadi za kisasa, na majina yakaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa Bodi ya Leseni za Silaha. Waheshimiwa wakapanga foleni. Hilo pekee lilikuwa la kutazamwa.

Ni kazi nzuri na naiweka juu, kwa sababu bastola ya mwenye leseni ikilia baa saa saba usiku, polisi wanajua wa kumwamsha. Ila kuna hesabu. Makadirio ya Small Arms Survey ya 2018 yalisema kuna silaha kama 750,000 mikononi mwa raia Kenya, na zilizosajiliwa ni kama 8,000. Yaani kwa kila bunduki mia, yenye kadi ni moja. Hiyo moja ina chipu, picha, alama za vidole na namba ya simu. Zile 99 zina mkanda wa ngozi ya mbuzi.

Kuandikisha waaminifu peke yao ndiko kulikowapotosha Maryland.

Kinachokera ni kwamba serikali ikitaka, inajua kufuatilia. Nenda duka lolote Mwingi mjini ununue maji ya chupa. Ina stempu ya ushuru, na kwa programu ya Soma Label ya KRA unaweza kuielekezea simu yako ukajua kama stempu ni halali. Maji! Kuanzia Novemba 2019 hata chupa ya nusu lita haiuzwi bila kitambulisho chake. Ushuru wa maji una mwenyewe anayeufuatilia.

Na kuna habari ya kutia moyo kidogo. Aprili 2021 kiwanda cha silaha ndogo kilifunguliwa Ruiru, kilichogharimu kama shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Silaha inayozaliwa nyumbani inaweza kuandikishwa siku ya kuzaliwa, kabla haijajifunza tabia mbaya.

1. Namba, na daftari la kuisoma

Ndiyo. Baada ya setilaiti, sumaku na hadubini, namba moja ni patasi na daftari. Usifunge gazeti.

Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Waziri wa mambo ya nje wa Kenya wakati huo alikuwa Kalonzo Musyoka, mwana wa Tseikuru, kwa hiyo tusiseme Mwingi haikuwakilishwa. Itifaki ilitaka kila silaha ya serikali ipigwe alama ya kipekee, na rekodi ziwekwe. Kituo cha kanda cha RECSA, chenye makao Nairobi, kikagawa mashine za kuchonga na programu za kompyuta za kutunzia namba. Bunduki inawekwa kwenye mashine, sindano ngumu inagongagonga, na chuma kinabaki na herufi za nchi, taasisi na namba. Mtu akiipata Baidoa au Moroto, anajua aulize wapi.

Akitaka kuificha, ataisugua namba. Vizuri. Kugonga herufi kwenye chuma hukandamiza chembe za chini pia, kwa hiyo mtaalamu akipaka tindikali yake pale paliposuguliwa, mara nyingi namba huibuka tena ikiwa hafifu. Bunduki nyingi hazijasuguliwa kabisa. Hakuna aliyedhani kuna mtu atakayesoma.

Tatizo huanza kwenye kusoma. Bunduki za jamii ya AK zimetengenezwa na viwanda vya nchi nyingi, na namba moja inaweza kuwa imechongwa kwenye bunduki ya Uchina na nyingine ya Bulgaria. Afisa akiandika "AK-47, namba fulani" bila kutaja alama ya kiwanda, ameandika hewa. Kuna herufi za Kirusi zinazosomwa kama za kwetu. Kuna sifuri na O. Kuna moja na I. Swali likitumwa nje likiwa na kosa la herufi moja, jibu hurudi: haijulikani. Faili inafungwa, na kila mtu anailaumu teknolojia.

Na kuna swali la nani aulizwe. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, kambi ya Moroto iliachwa wazi na silaha zikabebwa hadi kwa wafugaji wa Karamoja. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, maghala yake yakafuata. Namba zipo kwenye vyuma. Mtunza daftari hayupo. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya 2005 kuhusu kufuatilia silaha yanazitaka nchi zitunze rekodi za viwandani miaka isiyopungua 30, na nyingine miaka 20. Mchwa wa Mwingi hawajatia saini.

Usidhani wakubwa wana nafuu. Kituo cha Marekani cha kufuatilia bunduki kiko Martinsburg, West Virginia, na sheria ya 1986 inakikataza kuwa na rejista ya kitaifa ya wenye silaha. Maduka yanapofungwa, madaftari yao hupelekwa huko kwa masanduku, na makaratasi yalipozidi, mengine yakawekwa ndani ya makontena nje ya jengo. Wafanyakazi hupekua picha za kurasa moja baada ya nyingine, bila ruhusa ya kutafuta kwa jina. Polepole, lakini wanapata. Hiyo ndiyo nchi ya Silicon Valley.

Sisi wenyewe tuna kesi ya zamani iliyo bora. Ukambani mzinga wa nyuki hubeba alama ya ukoo, na mshale hubeba alama ya mwenyewe, ili nyama isigombaniwe. Mwaka 1956 na 1957, serikali ya kikoloni ilipoanzisha kampeni kali dhidi ya ujangili Tsavo, mlango wa pili wa Kitui Kusini, David Sheldrick na Bill Woodley walianza kukusanya mishale kutoka kwenye mizoga ya tembo na vichakani. Wakaandika alama. Wakauliza vijijini alama hii ni ya nani. Wakajenga orodha ya wawindaji, Waliangulu na Wakamba, wakawafuata mmoja mmoja hadi nyumbani. Hakuna mshale uliokuwa na betri. Ulikuwa na alama, na kulikuwa na mtu aliyejali kuandika na kuuliza.

Nisisifu kupita kiasi: wawindaji wale walikuwa wakila nyama ya nyika yao kabla mstari wa mbuga haujachorwa, na wengi waliishia jela kwa ustadi wa babu zao. Ila kwa upande wa uchunguzi tu, kazi ilikuwa safi.

Kwa hiyo inawezekana? Inawezekana. Kompyuta iingie pale inapostahili: namba za silaha zote za polisi, askari wa akiba na walinzi wa mbuga ziwe kwenye mfumo mmoja unaosomeka Mwingi na Nairobi kwa pamoja, na kila bunduki inapotoka ghalani mfumo uandike saa, mkono na idadi ya risasi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kwenye Jedwali lake la Sita, tayari inataka afisa awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa. Bunduki ikikamatwa Ngomeni, ipigwe picha kabla ya kupanguswa: alama ya kiwanda, namba, upande wa kushoto, upande wa kulia. Simu ya kijana wa barazani inatosha kwa hilo.

Sajini aliuliza swali moja la mwisho. "Na mfumo ukisema ilitoka kituo chetu?"

"Basi afande, mkuu wa kituo ataulizwa."

"Aulizwe na nani?"

"Na IPOA, wasimamizi wa polisi. Na mahakama."

"Wape namba ya ghala basi," akasema. "Na wasipige simu kwanza kutuambia wanakuja."